Abiria Asiye wa Mtu

Jamani, mashua ya kukodi kwa kuchangia ina ubaya wake: kila kundi humdhania mgeni ni wa kundi jingine. Ndivyo yule bwana wa koti la kijivu alivyopanda mashua ya kapteni Feodosia pale bandari ya Seldovia, asubuhi kweupe, asiulizwe na mtu.

Feodosia alitangaza sheria yake kama kawaida. "Sikilizeni. Kinachovuliwa leo ni cha wote. Tukirudi tunagawana sawa kwa sawa. Mnakubali?"

"Tunakubali!"

Bwana wa koti akakubali wa mwisho, kwa sauti iliyojaa maji.

Wakatia nanga ghubani, wakashusha mishipi hadi chini kabisa wanakolala halibati, wale samaki bapa wakubwa. Mvua ikaanza. Kenti, mdogo wake Feodosia na baharia wake wa pekee, alipita akigawa kahawa, akarudi kwa dada yake uso umepauka.

"Dada, yule bwana mvua haimgusi, lakini maji yanamtiririka mikononi. Na ananuka tope la chini kule."

"Kaja na nani?"

"Wale abiria waliotoka mji wa Anchorage wanasema ni wa lile kundi la wazee. Wazee wanasema ni wa Anchorage."

Feodosia akatoka kwenye usukani. Bwana akavua kofia. Halibati huzaliwa macho yake yamekaa pande mbili kama samaki wengine, kisha jicho moja huhama. Na jicho la kushoto la bwana yule lilikuwa linahama, polepole, likipanda juu ya pua, likimtazama Kenti bila kupepesa, na abiria wakarudi nyuma wakibanana ukingoni, wengine wakilia, wengine wakitaja majina ya watakatifu, na mishipi yote ikalegea kwa wakati mmoja kana kwamba chini hakuna tena bahari.

"Nataka fungu langu," likasema, kwani sasa halikuwa bwana bali jini, likimnyooshea Kenti kidole. "Huyu. Nipe, nami nitakurudishia baba yenu."

Baba yao alizama kwenye ghuba ile ile, wala mwili haukuonekana. Kenti akaanza kulisogelea.

"Dada," akanong'ona, "miguu hainisikii."

Feodosia akamdaka ukosi wa koti. Aliogopa, lakini hasira ilimzidi.

"Una wazimu wewe? Huyu hajavuliwa, huyu ni mvuvi! Na ulikubali mbele ya watu: kinachovuliwa ni cha wote. Umevua ghubani humu miaka nenda miaka rudi. Watu uliowavua wako wapi? Mwaga hapa kwanza, ndipo tugawane!"

"Sikukubali."

"Ulikubali! Au nadanganya, jamani?"

Mzee mmoja wa abiria akajitokeza, akasema, "Alikubali. Nilimsikia."

"Tulimsikia sote!"

Jini likaona limenaswa kwa kauli yake lenyewe. Likajitupa baharini bila kishindo, na miguu ya Kenti ikamrudia.

Hapo mishipi yote ikakazika kwa pamoja, mashua ikainama.

"Ikate, kapteni, tafadhali!" abiria wakapiga kelele.

"Hakuna kukata! Vuteni!"

Wakavuta mpaka viganja vikachubuka. Kitu cheupe kikapanda, na hakikuwa tumbo la samaki. Kenti akainama, akaitambua pete kidoleni.

"Dada," akasema huku analia, "ni baba."

"Mshike vizuri." Feodosia akafuta machozi, akawageukia abiria. "Na nyie msiache kuvuta. Hao wengine nao wana kwao."