Dawa ya Mwisho

Maji ya kwanza yalitoka meupe pe.

Mama Rangi aliyatazama kwenye beseni akadhani macho yanamdanganya. Filamu ya sinema ya rangi huja imepakwa masizi mgongoni, na siku zote akiitikisa na magadi ya moto ndani ya kopo lake lisilopitisha mwanga, maji humwagika meusi tititi. Leo masizi yamekwenda wapi?

"Yametoka?" mumewe aliuliza nyuma ya mlango wa bafu.

"Yametoka," alijibu, maana hakutaka maneno.

Mume huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dairekta, alipiga sinema mwaka mzima ikawa inatoka ukungu mtupu, na hasira zote akazimalizia kwa mkewe. Kisha ghafla picha zikaanza kutoka safi, naye akawa mpole kama si yeye. "Mkono wako una baraka," alisema, na tangu hapo kuchanganya dawa ikawa kazi ya mke peke yake. Ngozi ya mikono ilimchubuka hadi kushika kijiko ikawa adhabu. Dairekta hakumuuliza hata siku moja kama inamuuma.

Akatia dawa ya kutoa picha, halafu ya kupausha. Bafu likaanza kunuka nywele zilizoungua. Alipoinama kuchukua dawa ya mwisho, ile inayogandisha picha isibadilike tena, aliona alama za vidole vya masizi zikianzia ukingoni mwa beseni, zikapanda vigae, zikaambaa ukutani kwa kimo cha mtu, zikapita nyuma ya shingo yake mwenyewe pale alipokuwa amesimama, hadi kwenye mlango alioufunga kwa komeo, na ng'ambo ya mlango huo sauti laini ya mwanamke ikanong'ona, "Bado?"

"Subiri," Dairekta alinong'ona. "Akishaigandisha kwa mkono wake, ni wako."

Akafungua kopo, akaivuta filamu kwenye taa. Kwenye filamu ya namna hii rangi zote huwa kinyume, na kweli, pale alikuwa yeye kitandani, amelala fofofo, nywele nyeupe, uso wa buluu. Lakini mwanamke aliyemwinamia alikuwa na rangi zake kamili. Alivaa gauni la kulalia la Mama Rangi.

"Mume wangu," aliita polepole, "umeniuza?"

"Anataka mahali pa kukaa tu. Hutasikia maumivu."

"Mahali pa kukaa ndimi?"

"Ilikuwa wewe au filamu zangu. Nielewe, mke wangu."

Alielewa, na uchungu ukazidi woga. Akaimwaga dawa ya mwisho yote chooni. Akafungua dirisha, jua likaingia, akaitumbukiza filamu tena kwenye dawa ya kutoa picha. Kwa kuwa haikugandishwa, ikaanza kuwa nyeusi, kitanda, gauni, uso, yote, na nje ya mlango kitu kikapiga ukelele uliotikisa chupa rafuni.

"Filamu yangu!" Dairekta alilia, akigonga mlango kwa ngumi. "Filamu yangu!"

Hakusema mke wangu.

Kugonga kukakatika ghafla. Mama Rangi akavuta komeo. Nyayo za masizi zilivuka ukumbi hadi kwenye kiti cha Dairekta, zikaishia hapo. Nyayo za kuondoka hazikuwepo. Ahadi ni deni, na aliyeahidi alikuwa amekaa kitini ameinamisha kichwa, mikono magotini.

Akainua uso. Palipokuwa peusi machoni pake palikuwa peupe, na peupe peusi.

Akamtazama mkewe mikono, kwa muda mrefu.

"Pole," alisema kwa ile sauti laini ya mwanamke. "Inakuuma?"

Katika miaka yote ya ndoa, hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo ndani ya nyumba ile. Mama Rangi akaangua kilio.