Aliyeshikiwa Koti

Kitu cha kwanza Maribeth kukiona kilikuwa koti la kike, rangi ya waridi, limelazwa kwenye mkono wa Clayton. Mpenzi wake huyo alikuwa hajawahi kumshikia hata mwavuli.

Kantini ya Bunge la jimbo, pale Columbia, ilifurika watu waliokuja kutoa maoni juu ya muswada wa kuzuia kutoa mimba baada ya wiki ya sita. Maribeth, aproni imemganda kwa siagi, aliiacha foleni ya wateja wake akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Gereji, asali wangu. Gari la mtu linanisumbua."

"Hilo gari limevaa koti la waridi?"

Clayton akageuka, wakatazamana juu ya masufuria.

"Beth, nitakueleza."

"Mweleze mwenye koti!"

Mwenye koti aliitwa Shelby. Muda si mrefu akatokea kwenye televisheni ya ukutani, amekaa mbele ya wabunge.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki ya sita nilidhani tumbo limechafuka tu. Aliyenipa mimba alizima simu. Jirani yangu Clayton ndiye aliyenipeleka kliniki, akaningoja, akanirudisha nyumbani. Nawaombeni msiupitishe."

Odessa, mpishi, akamgusa Maribeth kiwiko. "Huyo Clayton si wako?"

"Nilidhani hivyo."

Jioni Maribeth alimkuta Clayton akimsubiri kwenye ngazi za nje, kofia mkononi.

"Siri ilikuwa yake, Beth. Ningeitoaje?"

"Ungesema unamsindikiza mtu, basi."

"Mwanamke? Ungenikubalia?"

"Ningekumwagia uji wa moto."

Clayton akacheka. Maribeth naye, ingawa hakutaka.

"Sijawahi hata kumbusu. Yamekwisha, mama?"

"Bado nina wivu."

"Wivu wa nini tena?"

"Wa siku ile ya kliniki. Alikuwa na mtu wa kumwambia."

"Na wewe unaye. Si mimi hapa?"

Maribeth alitazama viatu vyake. Asubuhi nzima aliwagawia chakula waliokuwa wakibishana habari zake bila kumjua, naye akikaza midomo, akiongeza siagi.

"Nina mimba yako, Clayton. Wiki ya saba. Sijaamua, na sitaki kuamua peke yangu."