Chagua Mbari Yako

Mvua ya Kayanga haibishi hodi. Jumamosi ile iliwamwagikia watu wa sokoni kwa mkupuo mmoja. Wenye mikungu ya ndizi wakakimbilia huku, waendesha bodaboda kule, na Mwalimu Kemilembe, gauni lake la kitenge cha njano likiwa limemganda miguuni, akajikuta amesukumwa ndani ya duka la fotokopi karibu na stendi, huku amekumbatia mitihani ya darasa la sita kama mtoto mchanga.

Duka lilijaa watu waliojikinga mvua, lakini kwenye meza ya pembeni watatu hawakuwa na habari na mvua wala na mtu. Walikuwa wamemkodolea macho kijana mrefu mwenye sweta la buluu na wino vidoleni.

"Daraja limekatika," kijana alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nyuma yenu fisi saba. Mbele yenu korongo. Mnafanyaje?"

"Naruka!" alijibu mama mmoja mnene, muuza maharage.

"Rusha dadu."

Dadu lenyewe Kemilembe hakuwahi kuliona mfano wake. Lilikuwa na pande ishirini, likabingirika mezani, likasimama kwenye mbili. Meza nzima iliguna kama watu waliofiwa, na Kemilembe akashindwa kujizuia, akacheka kicheko kilichomfanya kijana ageuke.

"Mwalimu," alisema, akiiona mitihani, "anayecheka wenzake wakianguka korongoni sharti naye aingie. Kiti hiki hapa."

"Sijui mchezo wenu."

"Hata sisi hatukuujua. Mimi naitwa Theoneste, natoa fotokopi hapa. Nasimulia, wao wanaamua, dadu linahukumu. Kwanza chagua mbari." Akamsogezea kijitabu alichokiandika kwa mkono na kukibana kwa stepla. "Kuna binadamu. Kuna mbilikimo wa migodini, wakaidi lakini hawafi upesi. Kuna watu wa msituni, masikio marefu, wanaishi miaka mia saba. Na kuna majitu."

"Anayeanza achukue binadamu mpiganaji," alishauri Fidele, mwenye duka, akiwa mashineni. "Hakuna cha kukariri. Unapiga tu."

"Nataka jitu," alisema Kemilembe.

"Sawa. Na kazi? Mpiganaji, mganga, mchawi, mghani, mwizi?"

"Mwizi."

Theoneste aliweka kalamu chini. "Mwalimu! Jitu lenye urefu wa mgomba litajificha wapi?"

"Halijifichi. Nani atamshuku mwizi anayeonekana toka kijiji cha pili?"

Wote walicheka, naye Theoneste alimtazama kwa muda mrefu kuliko mchezo ulivyodai. Mvua ilikatika, watu wakatawanyika, Kemilembe akabaki na jitu lake mpaka mitihani ikapoa mashineni.

Tangu siku hiyo Jumamosi zake zilikuwa na mwenyewe. Na jioni za katikati ya wiki simu ililia.

"Jitu langu limekula?"

"Limekula ndizi na maharage, limeshiba, linasahihisha madaftari."

"Na linamkumbuka msimulizi wake?"

"Nani huyo? Yule mwenye wino mpaka sikioni?"

"Kemi, utaniua wewe."

Jioni moja Kemilembe alimuuliza alichokuwa akijiuliza siku nyingi. "Theo, mbona wewe huna mbari mezani? Kila mtu ana yake."

"Mama yangu alivuka mto kutoka Rwanda akiwa msichana. Mimi nimezaliwa Nkwenda, nimesoma Nkwenda, Kinyambo nakiongea kuliko ninyi. Lakini kila fomu niliyojaza shuleni, mtu alinyanyua macho akaniuliza, 'wewe hasa ni wa wapi?' Basi nilipoupata mchezo huu kwa rafiki wa chuoni, nilipenda jambo moja. Hapo mtu anaulizwa mbari yake na anachagua mwenyewe, wala hakuna anayembishia. Nafurahi kuwauliza wengine. Mwenyewe bado sijachagua."

"Siku ukichagua, nami nitakuwepo," alisema Kemilembe, na alikuwa anamaanisha.

Wiki tatu baadaye walikuwa wamesimama kibarazani pa duka, Theoneste amemshikia mwavuli na mkoba ili afunge kamba ya kiatu, mara bodaboda ikasimama na kumshusha Shangazi Placidia.

Huyu Placidia ndiye aliyemlea Kemilembe tangu mama yake alipofariki. Kahawa ya shamba lake la Nyakakika ndiyo iliyomsomesha ualimu. Kanisani alikaa benchi la mbele, na mama wote wa kijiji walimpisha njia.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba, mwanangu." Macho ya shangazi yalikwisha kuuona mkoba mikononi mwa kijana. "Na huyu?"

"Shikamoo mama," alisema Theoneste. "Naitwa Theoneste."

"Theoneste." Shangazi alilionja jina kama anayeonja mboga ya mwenzake. "Jina la ng'ambo hilo. Kemi, usiniambie siku hizi unabebewa mikoba na wakimbizi."

Akacheka. Na Kemilembe, Mungu amsamehe, akacheka naye.

"Hapana shangazi. Simjui vizuri. Ananitolea fotokopi tu."

Alinyoosha mkono, akachukua mkoba wake. Theoneste aliuachia. Kisha akaukunja mwavuli taratibu, ubavu kwa ubavu, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mteja yeyote.

"Karibu tena, Mwalimu," alisema, akaingia ndani.

Maneno yale mtu angeweza kuyatetea: hofu, heshima, mshtuko wa ghafla. Kicheko hakikuwa na utetezi. Kilitoka chenyewe. Kemilembe alikisikia akiandika ubaoni, alikisikia akiimba kwaya, mpaka sauti yake ikamponyoka na mwalimu wa kwaya akamuuliza kama anaumwa. Alishika simu mara kumi, mara kumi akaiweka. Aseme nini? Jumamosi iliyofuata aliona aibu kwenda mezani. Ya pili pia. Theoneste naye hakupiga, na Kemilembe akaupokea ukimya ule kama hukumu aliyostahili.

Jumamosi ya tatu alijikaza akaenda. Mezani alikuwa anasimulia Fidele, tena vibaya. Fisi wote walikuwa wamekufa kwa sababu zisizoeleweka.

"Theo yuko wapi?"

"Nkwenda kwa mama yake, wanavuna kahawa." Fidele hakumtazama usoni. "Alikusubiri hapa Jumamosi mbili, dada. Alisema ukija tu, yamekwisha. Hukuja."

Kumbe alipokuwa akijificha kwa aibu, mwenzake alihesabu kule kujificha kuwa ni kumkana kwa mara ya pili, na ya tatu.

Kesho yake, badala ya kwaya, alipanda gari la asubuhi kwenda Kyerwa. Alishuka Nkwenda, akaulizia, akaelekezwa kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba. Mwanamke mwembamba, kilemba cheupe kichwani, alikuwa ameketi mkekani akichambua kahawa.

"Shikamoo mama. Naitwa Kemilembe."

"Marahaba." Nyirabageni, mama yake Theoneste, hakuacha kuchambua. "Ndiwe yule mwalimu?"

"Ndimi. Mama, nilimkana mwanao mbele ya shangazi yangu. Na nilicheka."

Alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani, yakaisha hapo. Mama aliokota punje mbovu, akaitupa.

"Kuchekwa nimezoea," alisema hatimaye. "Kuombwa radhi sijazoea, sijui hata jibu lake. Kaa uchambue. Anarudi sasa hivi."

Theoneste alimkuta hapo, vidole vimekuwa vyekundu kwa maganda. Alishusha kikapu, akasimama.

"Mwalimu."

"Usiniite hivyo, Theo."

"Nikuiteje? Simjui vizuri mtu mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma, naye akaliacha limchome. "Nilikosa. Sikuja zile Jumamosi kwa sababu sikuwa na uso wa kukutazama."

"Nilidhani umepima ukaona sitoshi."

"Mimi ndiye nisiyetosha."

Kemilembe alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shangazi? Yule kijana wa fotokopi, nilikudanganya. Namjua. Nampenda. Niko kwao Nkwenda, na mama yake yuko hapa anatusikia. Nilicheka ulipomwita mkimbizi, na tangu siku hiyo sili nikashiba."

Kuku walisikika upande wa pili. Kisha simu ikakatwa.

"Hukulazimika," alisema Theoneste.

"Nilimkana mtu kwa sauti. Ningemkubali kwa kunong'ona?"

Theoneste hakumkumbatia. Aliketi upande wa pili wa mkeka, akavuta fungu lake la kahawa, wakachambua watatu mpaka jua likapinda. Alipomsindikiza kwenye gari ndipo alipomshika mkono, kwa muda mfupi, kisha akauachia.

Majuma matatu Shangazi Placidia hakupokea simu. La nne akatuma ujumbe: *Jumapili baada ya ibada. Mje. Asichelewe.*

Theoneste alifika Nyakakika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kingo. Shangazi aliwakaribisha kwa sahani ya kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopewa, lakini hakutabasamu.

"Nimeambiwa nilikukosea," alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu Theoneste kwa adabu. "Ulinikosea."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumjibu shangazi hivyo. Shangazi alimtazama kijana, akamtazama mwanae, akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Binti yangu amekonda kwa kicheko nilichokianza mimi," alisema polepole. "Sijui kuomba radhi, nimezeeka bila kujifunza. Umekuja kuomba nini?"

"Leo nimekuja kufahamika tu. La posa nitalileta nikiwa na mama yangu, naye apewe kiti."

Shangazi akasimama, akaleta maji, akamnawisha mgeni mikono yeye mwenyewe. Matoke yakaja yanafuka moshi, na nyama, na shangazi akarudi jikoni kufuata mchuzi.

Theoneste alikula kwa utulivu, kama mtu ambaye hakuumizwa kamwe katika maisha yake. Kumwona hivyo, Kemilembe alirudisha tonge lake sahanini.

"Theo," alinong'ona. "Umenisamehe?"

"Siwezi kukudanganya, Kemi. Nakusamehe kidogo kidogo. Sehemu ya leo nimeshaisamehe."

"Na kesho?"

Theoneste alimega tonge, akaliweka kwenye sahani ya Kemilembe.

"Kesho nitakupigia. Kula, chakula kinapoa."