Gauni la Mke wa Kipa

"Mama, karatasi hii imekosewa."

"Imekosewa wapi?"

"Hapa, kwa mke wa kipa. Kiuno sentimita tisini na sita. Mimi kiuno changu ni sabini na nne, na wewe unanijua."

Mama Mkasi, mwenye karakana ya ushonaji, alivaa miwani akaisoma. Jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake, si kwa sababu ya kazi. Siku hiyo aliusoma mstari ule mara mbili na ulimi haukutoka. Pembeni ya vipimo palikuwa na maneno machache: liachwe nafasi tumboni, ni mjamzito.

"Mwanangu," alisema taratibu, "karatasi haijakosewa."

Msichana aliyeleta karatasi, mshonaji wake ambaye wote humwita Fundi, alikaa. Mwenzangu, ukitaka kujua kwa nini, sikiliza. Klabu yao ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi, na sasa inakwenda Kombe la Mabingwa, kule ambako bingwa wa ligi wa kila nchi hukutana na mabingwa wenzake, na mwisho anabaki mmoja. Viongozi walitaka msafara mzima upendeze: suti kwa wachezaji, magauni ya kijani kwa wake zao. Kazi ikaja kwa Mama Mkasi. Fundi aliipokea kwa vigelegele, maana kipa wa timu hiyo, ambaye mashabiki humwita Komeo, ni mchumba wake wa miaka saba. Hakumwambia kwamba suti yake inashonwa na yeye. Alitaka kumshtukiza, na alipoona gauni la mke wa kipa kwenye orodha alidhani ni lake.

Miaka saba si mchezo. Alimpenda Komeo tangu anakaa benchi. Komeo akamwambia, subiri nipate namba. Akapata namba. Akamwambia, subiri tuchukue ligi. Wakachukua. Sasa wimbo ulikuwa, subiri turudi na Kombe la Mabingwa, nikutambulishe mbele za watu, nije kwenu, tuoane. Hata picha moja ya pamoja hakuwahi kuiweka mtandaoni, eti kocha hapendi. Na Fundi aliamini. Walimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, yeye akajibu kwamba mvumilivu hula mbivu.

Alimpigia katibu wa klabu.

"Katibu, naulizia vipimo vya mke wa kipa."

"Komeo kaviandika kwa mkono wake. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana. Hakuna."

"Mwenyewe atakuja kesho asubuhi kujaribu. Mwangalieni vizuri, hali yake si mnaijua."

Asubuhi yake mke wa kipa alikuja, viatu mkononi, miguu imevimba. Alikuwa mwalimu wa chekechea na alizungumza kama wanavyozungumza, polepole na kwa upole. Fundi alikuwa amejiandaa kumchukia. Alijiandaa tangu jana yake.

"Samahani, nimeingia peku kama mwizi. Ni hapa wanaposhona za timu?" Kisha akamkazia macho. "Ngoja. Wewe si Dada Fundi?"

"Unanijua?"

"Picha yako naiona kila ukipiga. Kwenye simu ya mume wangu umeandikwa Dada Fundi. Jamani, wifi yangu." Akamkumbatia, tumbo likiwa katikati yao.

Mama Mkasi aliinamia cherehani yake akajifanya anatafuta uzi.

"Kakwambia mimi ni dada yake?" Fundi aliuliza.

"Kila siku. Kwamba wazazi walipofariki wewe ndiye uliyemlea. Nikamwambia nipeleke nikamwamkie wifi. Akasema una kazi nyingi, nisubiri warudi na kombe."

"Na wewe umeambiwa usubiri."

"Kwake kila kitu ni baada ya kombe," Mwalimu alicheka.

"Mlifunga ndoa lini?"

"Mwezi wa tano huu. Kwa msajili, watu wanne tu. Ulikuwa unaumwa, ndiyo maana hukuja. Ulipona vizuri?"

Fundi alihesabu nyuma. Mwezi ule Komeo alimwambia yuko kambini, na yeye akampelekea chakula hadi getini, mlinzi akakipokea. Sijui mlinzi alikula peke yake au aliita wenzake.

"Nilipona," alisema. "Vaa tujaribu."

Gauni lilimkaa Mwalimu vizuri, ila upindo ulihitaji kushushwa mbele. Fundi alimpandisha kwenye kigoda akapiga magoti, pini mdomoni. Ndipo simu yake ikaita juu ya meza. Kiooni palitokea: Komeo Wangu.

Fundi yeyote hupokea simu kwa spika, mikono inakuwa na kazi. Lakini hii angeweza kuiacha ilie hadi ichoke. Aliitazama, akamtazama Mwalimu, akabonyeza.

"Mpenzi," sauti ikajaa karakana. "Nimekukumbuka mpaka basi. Kesho kutwa tunapaa, na simu watatunyang'anya. Ukiniona kwenye runinga ujue nakuwaza wewe peke yako. Nikirudi tu, moja kwa moja kwa wazazi wako. Unanisikia, mke wangu mtarajiwa?"

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja.

"Nakusikia. Hebu rudia, maana niko hapa na mke wako, huenda hakusikia vizuri."

 Kisha simu ikakatwa.

Mwalimu alishuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Alikaa na gauni lenye pini, hakujali kuchomwa.

"Wewe si dada yake."

"Sijawahi kuwa."

"Tangu lini?"

"Miaka saba."

"Naapa kwa huyu aliye tumboni, sikujua."

"Najua hukujua."

"Nimekuita wifi."

"Umeniita ulivyoambiwa uniite."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza, na Mama Mkasi akawaletea maji. Ujumbe ulianza kuingia kwenye simu ya Fundi. *Mpenzi tuongee.* Halafu: *Yule si kama unavyofikiri.* Halafu: *Tafadhali usinivuruge kichwa kabla ya mashindano.* Wa mwisho ulisema: *Nchi nzima inanitegemea.* Fundi aliupekua wote, juu hadi chini. Samahani haikuwemo.

"Hili gauni nilikate matambara ya kufutia viatu?" Mama Mkasi aliuliza Mwalimu alipokwisha kuondoka.

"Hapana, mama. Kazi ni kazi. Nitalimaliza."

Kesho yake Mwalimu alilifuata mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unakwenda?" Fundi aliuliza.

"Nakwenda. Usinidharau."

"Sikudharau."

"Wewe hakukuoa, dada. Inauma, najua, lakini unaweza kuufunga mlango ukakaa ndani kwako. Mimi nina mtoto wa mtu tumboni na chumba ninacholala ni chake. Nikisema naondoka, naondoka kwenda wapi?" Alilikunja gauni vizuri akalitia kwenye mfuko aliokuja nao. "Nakuomba kitu kimoja. Asikurudie."

"Hilo hukuwa na haja ya kuniomba."

Mashindano yakaanza. Sitaki kukuchosha na kila mechi, we elewa tu kwamba walimtoa bingwa mmoja, wakamtoa wa pili, na Jumapili saa tisa alasiri wakaingia fainali. Runinga kubwa mtaani ilikuwa ya Mama Mkasi, basi karakana ikajaa majirani, wengine wamekalia marobota ya vitambaa. Fundi alibaki kwenye cherehani yake, anashona pazia la mtu ambaye hata hakuwa na haraka nalo.

Dakika zikaisha bila bao. Wakaenda penalti. Komeo akadaka ya pili, akadaka na ya tano. Mtaa ukalipuka. Mimi nasema ukweli hata kama unaniuma: alidaka vizuri. Fundi mwenyewe alisimama bila kujijua, mkono kifuani, kabla hajakumbuka na kukaa tena.

Mtangazaji akamfuata uwanjani. Ushindi huu unampa nani?

"Nampa mke wangu, yule pale jukwaani," Komeo alisema, jasho likimtiririka. "Na nampa dada yangu mpendwa, fundi cherehani, aliyenilea tangu sina kitu. Dada, najua unaniangalia."

Vichwa vyote karakanani vikageuka.

"Dada?" alisema Kinyozi, jirani wa mlango wa pili. "Fundi, si sisi wote tunajua Komeo ni wako?"

Angeweza kucheka akasema ni utani wao. Watu walikuwa na furaha, na uongo ule ungepita kirahisi. Alizima cherehani.

"Alikuwa mchumba wangu miaka saba," alisema. "Ameoa mwingine huku ananiambia nimsubiri. Yule dada hayupo. Amenitaja hivyo ili nisiwe na la kusema."

 Fundi aliwatazama mmoja mmoja, watu waliokula mezani kwake, akingoja hata mmoja akasirike.

"Pole sana," Kinyozi alisema mwishowe, akakuna kichwa. "Kweli pole. Ila Fundi, hayo si ya leo. Mtu katuletea kombe."

"Kweli," mwingine akaitikia. "Leo tuache."

Na mtu mmoja nyuma akaanza tena kuimba jina la Komeo, wengine wakapokea. Waliimba kwa sauti ndogo mwanzoni, kwa heshima, kisha wakasahau.

Mama Mkasi aliinuka akazima runinga.

"Mama, wanakabidhiwa kombe sasa hivi."

"Runinga ni yangu. Kapokeeni kombe majumbani kwenu."

Wakatoka wakinung'unika, na huko nje nyimbo zikaendelea hadi usiku. Wachezaji walipokwisha kurudishiwa simu zao, ya Fundi ikalia. *Umenisikia? Nimekutaja mbele ya dunia nzima. Nikirudi tutayamaliza.*

Aliandika, akafuta, akaandika tena.

*Nimekusikia. Miaka saba nilisubiri unitaje mbele za watu. Umenitaja, na uliyemtaja si mimi. Usije kwangu.*

Akautuma, akaifunga namba ya Komeo. Kisha akalaza kichwa juu ya pazia la watu akalia kwa sauti, na huko nje hakuna aliyemsikia.