Watani wa Kiwanda cha Nguo

Kimezakelele kilitanda juu ya mji mzima kama utando wa mvuke, kikila sauti. Mabehewa ya angani yalipita bila kuvuma, na maneno makali yalinaswa kabla hayajafika sikioni mwa mtu; minong'ono tu ndiyo iliyopita. Aliyekibuni, mhandisi Asteria Mkude, alizaliwa hapo hapo Morogoro, katika mngurumo wa kiwanda cha nguo, akaapa kuupa mji wake utulivu. Akaupa. Kiwanda sasa ni bustani ya vioo, na wageni huja kutoka kila bara kustarehe chini ya milima ya Uluguru.

Siku hiyo alikuwa anamzika baba yake, mfumaji wa zamani.

Kiwandani, wafumaji na watia rangi walikuwa watani. Mfumaji hazikwi mpaka mtia rangi alizuie jeneza na kumtukana marehemu, na mtu wa upande wa ufumaji amjibu. Hapo watu hucheka, na kicheko ndicho humfungulia mjane machozi. Mama yake Asteria alikuwa hajalia bado.

Mzee Kobelo, mtia rangi, akajilaza mbele ya jeneza. Midomo ikacheza. Sauti haikusikika.

Mama akamgeukia bintiye, akanong'ona, "Kizime, mwanangu. Baba yako asiondoke kama mgeni."

Asteria akagusa pete kidoleni. Mji ukarudi kwa kishindo: vyuma, mbwa, watoto, na juu ya yote, Kobelo.

"Mkude haendi popote! Shuka lake la mwisho alilifuma kombo mpaka nikaona haya kulitia rangi. Huko aendako atawavisha nini watu, matundu? Haya, wafumaji, nijibuni, la sivyo nalala hapa hapa."

Kicheko kikachomoka mahali, kikasita. Wote wakamtazama Asteria. Wafumaji wenzake baba walikwisha kufa. Zamu ilikuwa yake. Akafungua kinywa. Aliyajua mawimbi ya kila tusi la Kiswahili, maana ndiye aliyeyapima ili yanaswe. Lakini hakuwahi kulitamka hata moja kwa mapenzi. Kinywa kikabaki wazi.

Kobelo alingoja, shavu likiwa vumbini. Mwishowe akainuka, akajikung'uta, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu," akasema.

Tangu kiwanda kijengwe, hakuna mtani aliyewahi kutoa pole msibani. Watu wakainamisha vichwa. Jeneza likapita kwa adabu, na mama akalifuata, macho makavu.