Aliyeomba Vidonge

Uso ndio ulioanza. Asubuhi moja Mokami alimtazama bintiye Gati akaona mashavu ya mtu mwingine, ya mviringo, yanang'aa, vinyweleo vimeota hadi kidevuni. Miezi mitatu tu tangu operesheni ya vijiji iwahamishie Ringwani, nyumba zikapangwa mstari juu ya mahame ya watu waliohama zamani.

Kisha mchana mmoja, wengine wakiwa shamba la kijiji, akasikia mtafuno jikoni. Gati alikuwa amekumbatia sufuria, anakula ugali wa watu sita, jasho linamchuruzika.

"Mama, sishibi," alinong'ona. "Kama tunakula wawili."

Akaletwa Machage, mganga wa kienyeji. Alinusa pembe za nyumba, akachomoa chini ya mto vidonge vya pumu vya zahanati ambavyo Gati alikuwa akivimeza kila siku mwaka mzima.

"Jini wa mahame haya ndiye anayekula hivi," alisema. Akachinja mbuzi, akavifukia vidonge. "Atavililia kwa sauti ya mwanao. Usimpe."

Njaa ikakoma. Wiki ya tatu uso ukapungua, majirani wakapiga vigelegele. Jamani, vigelegele!

Halafu ikaja homa ndogo tu, na Gati akalegea, kila anachokula kinarudi, akisimama anaanguka, ngozi baridi chepechepe, na kutwa nzima sauti ile ile, nyembamba, ikitoka gizani mwa chumba bila kupumzika, "Mama, nipe vidonge vyangu, mama," naye Mokami ameziba masikio, anajibu kwa meno yaliyoumana, "Si wewe unayesema. Toka ndani ya mwanangu!"

Jioni sauti ikanyamaza. Wakambeba kwa machela hadi zahanati, wakafika na maiti.

"Vidonge vile huvimbisha uso na kuleta njaa, lakini haviachwi ghafla!" Athanas, mganga wa zahanati, alifoka. "Mwili ukivizoea huacha kujitengenezea nguvu yake. Hupunguzwa kidogo kidogo."

"Ulimwambia nani?" Mokami alimkwida shati. "Ulimfungia vidonge kwenye gazeti ukanyamaza! Nani alijua?"

Msibani Machage alikuja kula nyama, akasifia jinsi uso wa marehemu ulivyorudi kuwa wake. Mokami alimrukia, akamkaba koo, akipiga kelele kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Nilimuua mwanangu kwa mdomo wako, mshenzi wewe!"

Machage alijinasua, akarekebisha kola, akawageukia waombolezaji bila haraka.

"Mmesikia sauti hiyo? Jini amehamia kwa mama."

Watu wakatazamana. Kisha wanawake wanne, wote majirani zake, wakamshika Mokami mikono, na mtu akaenda kumfungua mbuzi.