Penina na Dawa Iliyofichwa

Kila asubuhi Penina alifagia uwanja, akachota maji, kisha akameza kidonge chake. Alikuwa na kifafa tangu utoto. Kwa kuwa hakukosa dawa, hakuwa ameanguka tangu mavuno ya mwaka uliopita. Alitwanga uwele, alipika, alipalilia zabibu. Hapa kijijini Zuzu watu walianza kusahau kwamba aliwahi kuanguka.

Baba yake, Sostenes, naye alisahau. Balaa lilianzia hapo.

Wiki ile walitarajia wageni kutoka Mpwapwa, watakaokuja kumposa Penina. Kijana mwenyewe, Yoramu, alijua habari za kifafa. Wazazi wake hawakujua.

"Lete hivyo vidonge," Sostenes alimwambia binti yake.

"Baba, sijameza cha leo."

"Umepona wewe. Wageni watalala hapa. Wakikuona unameza dawa, watauliza."

Tereza, mama yake Penina, akasema, "Muuguzi alituambia tusiache bila kumwuliza."

"Kwani muuguzi ndiye anayeozesha?"

Tereza akanyamaza. Mara ngapi mama ananyamaza, na anayeumia ni mtoto! Sostenes akavificha vidonge ndani ya gunia la mtama.

Wageni walifika Jumamosi. "Mbukwenyi," walisalimu kwa Kigogo, wakapewa vigoda. Katika ukoo wao, ugali wa siku ya posa husongwa na binti mwenyewe, ili wakwe waone upishi wake. Penina alikaa jikoni mbele ya mafiga, wageni wakimtazama kutoka mlangoni. Tereza alikuwa amekwenda kuongeza maji.

Mwiko ulimponyoka Penina. Akaanguka kifudifudi, na mkono wa kulia ukaingia motoni. Mwili ukatetemeka, povu likamtoka mdomoni.

"Msimguse," alisema mama yake Yoramu. "Hilo povu linaambukiza."

Wote wakarudi nyuma. Sostenes naye alisimama mlangoni. Waliusikia mkono ukiungua, na hakuna aliyesogea. Aibu hiyo ni ya wote waliokuwapo.

Tereza alirudi na ndoo kichwani. Akawasukuma, akamvuta mwanawe, akaumwagia mkono maji yote.

Hospitalini walipokewa na muuguzi Hilda.

"Nani alimwachisha dawa?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Sostenes. "Alikuwa haanguki tena."

"Alikuwa haanguki kwa sababu alikuwa anameza, baba." Hilda alivuta kiti. "Una ng'ombe?"

"Ninao."

"Mnawapelekaje malishoni?"

"Mmoja anaswaga nyuma. Mwingine yuko mbele, anawazuia wasikimbie."

"Basi na ubongo uko hivyo. Una seli nyingi mno, na seli zinapokutana zinapeana ujumbe. Ujumbe mmoja unasema, amka, fanya kazi. Mwingine unasema, tulia. Bila ule wa kwanza huwezi hata kuinua kijiko. Ule wa pili ukipungua, seli nyingi zinaamka kwa pamoja, na mtu anaanguka. Ndicho kifafa."

"Na povu?"

"Ni mate tu. Hayaambukizi."

Sostenes akainamisha kichwa.

"Sehemu zile ambako seli zinakutana hazikai vilevile," Hilda aliendelea. "Nyingine zinapata nguvu, nyingine zinapungua. Upande mmoja ukizidi, ubongo unajitahidi kurudisha mizani. Ubongo wa Penina haukuweza peke yake. Dawa iliusaidia upande wa kutuliza, na ubongo ukazoea kuitegemea. Wewe ukamwondoa ghafla mchungaji wa mbele."

"Ng'ombe wakakimbia," alisema Sostenes polepole.

"Wote. Dawa haiachwi mpaka daktari aseme, na hata hapo inapunguzwa kidogo kidogo. Akianguka tena, mwondoeni kwenye hatari, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimkandamize, msimtie kitu mdomoni. Akitetemeka zaidi ya dakika tano, mleteni upesi."

Posa ilivunjika. Wageni waliondoka bila kula, na Yoramu hakurudi hata kumjulia hali. Vidole vitatu vya Penina vilishikana, havikunjuki. Lakini alirudi kwenye dawa. Sasa baba yake ndiye anayemletea kikombe cha maji, na Penina hajaanguka tena.

Asubuhi moja alikipokea kikombe, akauliza, "Baba, siku ile ulikuwa mlangoni?"

"Nilikuwapo."

"Mkono wangu uliuona?"

"Niliuona."

Penina alimeza kidonge, akaenda shambani. Sostenes alibaki analia.

Jumapili moja walikuwa wanatoka kanisani. Kijana mmoja akaanguka kando ya barabara, akaanza kutetemeka. Watu wakarudi nyuma, kama kawaida yao. Sostenes alivua koti, akapiga magoti, akaliweka chini ya kichwa cha kijana. Akamgeuza ubavu.

"Mzee, utaambukizwa!" mtu akapaza sauti.

"Kifafa hakiambukizi," alijibu Sostenes. "Mimi nilisimama kama ninyi. Mwanangu akaungua."

Penina alipita katikati ya watu, akachuchumaa upande wa pili. Akayaondoa mawe yaliyokuwa karibu na kijana, moja moja, kwa mkono wake mzima. Baba yake hakuthubutu kumtazama.